Mkono unauma upande wa kidole gumba kila nikimnyanyua mtoto, mlitibuje?

mama_wa_kwanza

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa waliopitia hili. Nina mtoto wa miezi mitatu na nusu, ndo wa kwanza, ana kilo saba kasoro kidogo. Tangu alipofikisha kama wiki sita nilianza kusikia maumivu mkono wa kushoto, hapa kwenye kifundo upande wa kidole gumba, pale penye kinundu cha mfupa. Mwanzoni nilijua nimelalia mkono vibaya nikapuuza, sasa hivi hali sio nzuri kabisa. Nikimwingizia mikono kwapani nimtoe kitandani nasikia kama nimechomwa na kitu cha moto kuanzia kwenye gumba hadi katikati ya mkono. Juzi usiku nilikuwa nishamnyanyua mkono ukaishiwa nguvu ghafla, nikamrudisha chini haraka haraka, hakuumia ila nilikaa pale pembeni ya kitanda nikalia kwakweli, maana niliona kabisa ningeweza kumwangusha mwanangu.

Kufungua kifuniko cha chupa siwezi, kukamua nepi siwezi, hata kumvalisha nguo zenye vifungo vya kubana natumia mkono mmoja na meno. Pale panapouma pamevimba kidogo, nikibonyeza panauma sana na kuna wakati nikisogeza gumba nasikia kitu kinakwaruza kwa ndani. Sijaanguka wala kujigonga popote.

Nilienda hospitali wakanipa parasetamo wakaniambia nipumzishe mkono. Sasa jamani naupumzishaje? Mtoto ananyonya kila baada ya masaa mawili, mchana kutwa tupo wawili tu, baba yake anarudi jioni. Na dawa kali naogopa kumeza kwa sababu nanyonyesha. Hii kitu inaitwaje na inapona au ndo nitaishi nayo? Kuna mtu kaniambia ni mambo ya uzazi itaondoka yenyewe mtoto akikua, ni kweli?

nyota_ya_asubuhi

Pole sana dada, yaani nimesoma hapo pa kukaa pembeni ya kitanda ukalia nikajiona mimi kabisa. Nilipata hiyo kwa mtoto wangu wa pili, mikono yote miwili, kulia ndo ilikuwa mbaya zaidi. Inaitwa de Quervain, ni kano za gumba, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, na ndiyo inapona, usikate tamaa.

Ila nikuambie kitu ambacho ningependa mtu aniambie mapema. Nilikunywa dawa nikapaka na jeli nikafunga bandeji, nikipata nafuu siku mbili tatu maumivu yanarudi palepale, nikawa najiuliza dawa gani hizi hazifanyi kazi. Kumbe tatizo ni kwamba kila siku namnyanyua mtoto kwa mtindo uleule, mara thelathini arobaini kwa siku, sasa dawa ifanye nini hapo? Siku nilipobadilisha namna ya kunyanyua ndo siku uponaji ulipoanza.

Angalia mikono yako ukienda kumnyanyua. Gumba unalitanua liende mbele ya kifua chake, vidole vinne vinaenda mgongoni, yaani mkono umekaa kama herufi L, afu uzito wote unakuja kwenye hiyo kona ya gumba. Hapo ndo unapojiumiza. Acha kabisa kumshika kwapani. Fanya hivi, mtoto akiwa amelala chali msogelee mpaka tumbo lako linakaribia kumgusa, mgeuze taratibu alale kwa ubavu, pitisha mkono mmoja chini ya kichwa na shingo kiganja kikiangalia juu, mkono wa pili upite chini ya makalio, kiganja nacho juu, magumba yamelala pamoja na vidole vingine hayajatanuka. Hapo ni kama unachota maji kwa mikono miwili. Afu mlete kifuani kwako kwanza ndipo unyooke, unyanyue kwa miguu na mwili. Uzito unakaa huku kwenye mkono wote hadi kwenye kiwiko, gumba halifanyi kazi yoyote.

Siku za kwanza utasahau, mimi nilikuwa nasahau hasa usiku, nikamwambia mume wangu akiniona nimeshika kwa mtindo ule aniambie. Baada ya wiki moja mwili unazoea wenyewe.

Kingine ni kunyonyesha. Je, unashika na simu wakati unanyonyesha? Kama ndiyo hiyo acha, kuscroll kwa gumba la mkono huohuo mbovu inamalizia kabisa. Na angalia mkono unaoshika kichwa cha mtoto, mara nyingi unakunja kifundo kuelekea ndani ili umsogeze kwenye ziwa na unakaa hivyo nusu saa nzima. Weka mito mpaka yeye mwenyewe afikie kimo cha ziwa, kichwa kilale kwenye mkunjo wa kiwiko, kifundo chako kiwe kimenyooka na kimelegea. Mi nilijifunza na kunyonyesha nikiwa nimelala ubavu, mikono yote inapumzika, hiyo ilinisaidia sana kwenye yale maziwa ya usiku.

Mwaya pole, utapona.

mkongwe_wa_jukwaa

Huo ni mshipa umehama mahali pake. Tafuta mtu anayejua kuchua, akuchue kwa mafuta ya moto kwa nguvu mpaka urudi, siku tatu tu umepona.

fizio_wa_mikono

Mkuu mkongwe najua una nia njema, lakini naomba sana mleta mada asifanye hivyo. Kusugua kwa nguvu juu ya kile kinundu kunachokoza kano ambazo tayari zimekwaruzika, na juu yake panapita mshipa wa fahamu mwembamba wa ngozi, ukiuminya kila siku utapata ganzi mgongoni mwa gumba juu ya maumivu uliyonayo. Kuna wamama wamekuja kwangu mkono umevimba mara mbili baada ya kuchuliwa.

Dada, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na mikono ya wazazi wenye watoto wadogo naiona kila wiki. Siwezi kukupima kwa maandishi lakini ulivyoeleza inafanana sana na ugonjwa wa de Quervain, jina limetokana na daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895.

Kuna kano mbili zinazolivuta gumba kulipeleka nje. Zote zinapita kwenye kijia kimoja chembamba juu ya kile kinundu cha mfupa, kama visu viwili vilivyowekwa kwenye ala moja. Ukilitanua gumba huku limebeba uzito, na kifundo kinapinda upande upande, zile kano zinasuguana na ala kila unapofanya hivyo. Ala inanenepa, njia inabana, na ule mkwaruzo unaousikia ndo kano zinapita kwa shida. Ndo maana parasetamo inatuliza maumivu ila hairudishi nafasi iliyopotea. Kwa mama aliyejifungua inasemekana na maji ya mwili pamoja na mabadiliko ya homoni yanachangia, ila usichukulie kwamba ni homoni peke yake, kwa sababu akina baba nao wanapata, na mabibi wanaolea wajukuu, yeyote anayebeba mtoto siku nzima.

Kipimo cha kujijaribu hiki hapa, ufanye POLEPOLE SANA. Kunja gumba lilale ndani ya kiganja, funga vidole vinne juu yake, afu mkono mzima uinamishe kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Hata mtu mzima wa afya anasikia kuvutwa kidogo hapo, lakini mwenye shida hii anasikia maumivu makali palepale penye kinundu, wengi wanaruka. Ukiyasikia acha hapohapo usirudie rudie, watu wanajipima mara kumi kwa siku wanajiumiza bure.

Sasa tiba. Aliyosema nyota_ya_asubuhi kuhusu kunyanyua ndo msingi, mimi ningeweka namba moja kabla ya dawa yoyote. Baada ya hapo splinti, yaani kifaa kigumu cha kuvaa kinachozuia mkono usisogee. Sio ile bandeji ya kuvuta ya kuzungushia kifundo, hiyo inaacha gumba huru kwa hiyo haisaidii kitu, unataka splinti inayoshika kifundo PAMOJA na gumba, ncha ya gumba ikibaki huru uweze bado kushika vitu vidogo. Ivae muda mwingi mchana na usiku kwa wiki mbili hadi tatu za mwanzo, ukiitoa kuoga na kusogeza mkono kidogo usikakamae, afu ukipata nafuu uanze kuipunguza, uivae kwenye kazi nzito na usiku. Usikae nayo zaidi ya wiki sita bila mtu kukuangalia, kiungo kitakuwa kigumu na misuli italegea.

Barafu ndani ya kitambaa dakika kumi mpaka kumi na tano, mara tatu nne kwa siku, usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Dawa, ibuprofeni ni mojawapo ya zinazotumika sana kwa mama anayenyonyesha kwa sababu inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, ila umeze baada ya kula, kwa siku chache, na kama una vidonda vya tumbo, pumu, presha au shida ya figo usiimeze kabla hujaongea na daktari au mfamasia. Aspirini achana nayo kipindi cha kunyonyesha. Jeli ya diklofenaki inafaa kwa baadhi ya watu lakini fikiria mkono huo ndo unaomshika mtoto na yeye analamba kila kitu, kwa hiyo paka wakati amelala, acha ikauke, nawa vidole ulivyopakia, na funika pale kwa kitambaa. Usitumie jeli na kidonge pamoja bila kuuliza.

Usianze mazoezi ya nguvu sasa hivi. Watu wanaangalia video wanaanza kuvuta mpira wa mazoezi wiki ya kwanza wakati mkono bado unawaka.

Mambo ya kukufanya urudi hospitali haraka: pale pakiwa pekundu, pana joto na una homa, au uvimbe unapanda mkononi. Au kama uliwahi kuangukia kiganja hata kidogo, maana kuna kimfupa kidogo chini ya gumba kikivunjika maumivu yanakuwa hapohapo karibu na bila iksirei inayofaa kinapitwa. Na kama una ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, hiyo ni shida nyingine ya mshipa wa fahamu unaobanwa upande wa kiganja, nayo inawapata wamama wengi na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili.

Swali lako la mwisho, kama itaondoka yenyewe. Kwa wengine inatulia kadiri mtoto anavyopunguza kunyonya na kubebwa, ni kweli. Lakini mtoto ana miezi mitatu, anaongezeka uzito kila wiki, na wewe umeshafikia hatua ya mkono kukosa nguvu ukiwa umemshika. Usisubiri.

baba_wawili

Naunga mkono hapo kwa akina baba. Mimi nilipata mkono wa kulia mtoto wa kwanza akiwa na miezi mitano, alikuwa anatumia chupa na zamu ya usiku ilikuwa yangu, nakaa namshika kichwa kwa mkono mmoja nimekunja kifundo na chupa mkono wa pili. Kingine kilichonimaliza ni kile kiti cha mtoto cha kwenye gari, unakibeba kwa mkono mmoja kimening'inia pembeni huku kinakugonga mguu, mkono umepinda vibaya kabisa. Nikawa nakibeba kwa kupitisha mkono wote ndani ya mshikio mpaka unakaa kwenye kiwiko, mkono wa pili unashika chini, au nakiacha kwenye gari namtoa mtoto peke yake.

Ila nilichotaka kusema ni kwa baba wa mtoto, dada mwonyeshe huu uzi. Kaka, mwenzio anabeba huyo mtoto kutwa nzima, ukirudi jioni usimwambie pole tu. Kuogesha kuwe kwako, maana mtoto mwenye sabuni anateleza na ndo kazi inayotaka kushika kwa nguvu kuliko zote. Kukamua nepi na kufua kwako. Kabla hujatoka asubuhi fungua vifuniko vyote vya siku hiyo uviache vimelegea, maji ya kunywa, dawa, mafuta ya mtoto. Usiku mwache alale, mtoto akilia wewe ndo umnyanyue umpelekee anyonye, akimaliza umchukue umcheulishe umrudishe. Mama yeye anyonyeshe tu. Hiyo peke yake inapunguza nusu ya manyanyuo.

mama_wa_kwanza

Jamani asanteni mpaka nakosa neno. Nimefanya kile kipimo, sikumaliza hata kuinamisha, nilipiga kelele mtoto akashtuka. Kwa hiyo ndo hiyo. Nimepata splinti ya gumba jana, na mume wangu kasoma uzi wote, asubuhi kaniachia chupa zote zimelegezwa vifuniko sikumwambia kitu.

Kunyanyua kwa kuchota kunafanya kazi ila nikiwa nimechoka mikono inarudi kwapani yenyewe. Na kuna mahali pawili nimekwama, kwenye kitanda chake kwa sababu kina ukingo mrefu siwezi kumsogelea mpaka tumbo limguse, na kubadilisha nepi, nikishika vifundo vya miguu miwili kwa mkono mmoja kumnyanyua makalio ndo napiga yowe. Afu splinti ina ule mkanda wa kubandika unamkwaruza shavuni, leo ana kialama chekundu nikajisikia vibaya sana.

Na mbeleko je, nitumie au ndo naongeza tatizo?

nyota_ya_asubuhi

Kialama kitaisha usijilaumu. Chukua soksi ndefu ya pamba kata upande wa vidole, toboa pa kutokea gumba, ivae juu ya splinti. Unafua unabadilisha, mtoto anagusa pamba tu. Nilikuwa nazo jozi nne.

Nepi usimnyanyue miguu. Mbingirishe kwa ubavu wa kulia, safisha, ingiza nepi mpya nusu chini yake, mbingirishe upande wa pili uvute. Ukizoea ni haraka kuliko kunyanyua, na mtoto anaona ni mchezo.

Kitanda, kama ukingo unashuka ushushe, kama haushuki inua godoro ngazi ya juu kwa sasa maana hajaanza kukaa wala kujivuta asimame. Siku akianza kujiinua LAZIMA ulirudishe chini, usisahau hilo, andika mahali.

fizio_wa_mikono

Mbeleko tumia, inaondoa uzito mikononi inaupeleka mabegani na mgongoni, ndo tunachotaka. Shida yake ni kufunga, kile kitendo cha kuvuta fundo kwa gumba na kidole cha shahada ndo kinachouma. Kama ni ya kufunga mwombe mtu akufungie au utafute ya vibano vikubwa unavyobonyeza kwa kiganja. Mtoto akae wima, uso unauona, kidevu hakijagusa kifua chake, pua haijazibwa.

Kuhusu mikono kurudi kwapani ukichoka, splinti hapo inakusaidia kwa sababu inakukatalia. Ukiona splinti inakubana kwenye gumba wakati unanyanyua ujue umeshika vibaya, simama, mrudishe, anza upya.

mama_wa_kwanza

Nimerudi wapendwa, wiki ya nne sasa. Mkono umepungua maumivu kama nusu hivi, silii tena, ila ile nusu iliyobaki imegoma, asubuhi nikiamka ni mbaya. Daktari niliyemwona mara hii kanipima vizuri, kaniambia anaweza kunichoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, palepale. Naogopa. Nimesikia inaharibu mifupa, na maziwa je? Aliyechomwa aniambie ukweli wote.

tulia_mama

Mimi nilichomwa nikiwa nanyonyesha mtoto wa miezi sita. Ukweli wote ni huu. Sindano yenyewe inauma, sekunde chache lakini inauma, unasikia shinikizo pale penye kinundu kama kitu kinajaa. Yangu daktari alichanganya na dawa ya ganzi kwa hiyo nilitoka pale nashangaa mkono mwepesi, nikaenda nyumbani nimefurahi, usiku ganzi ikaisha maumivu yakarudi zaidi ya mwanzo, nikajua nimeharibiwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hiyo inatokea, siku moja mbili yanapanda kabla dawa haijaanza kazi. Weka barafu, panga mtu wa kukusaidia na mtoto hizo siku mbili. Siku ya tano nikaanza kuona tofauti, wiki ya pili nikafungua chupa.

Maziwa yangu hayakubadilika. Daktari wangu alinieleza kwamba dawa inakaa zaidi palepale ilipochomwa na inayofika kwenye maziwa ni kidogo, na kwamba kuna wanawake wachache maziwa yalipungua kwa muda yakarudi, kwa hiyo nilimweka mtoto ziwani mara nyingi zaidi wiki ile ya kwanza.

Kitu kimoja nilibaki nacho, doa. Pale palipochomwa ngozi ilipauka, kaduara kama kifungo cha shati, kwenye ngozi yetu nyeusi kanaonekana kutoka mbali, na pakabonyea kidogo. Ilichukua karibu mwaka rangi kurudi. Ningechomwa tena hata kama ningejua, lakini ningetaka kuambiwa kabla.

fizio_wa_mikono

Ameeleza vizuri sana. Naongeza machache. Kuharibu mifupa hapana, sindano moja au mbili za hapo hazifanyi hivyo, tunachoepuka ni kurudia rudia nyingi kwa sababu kano zinaweza kudhoofika. Wengi wanapata nafuu kwa moja au mbili, na ikienda pamoja na splinti matokeo ni mazuri zaidi. Kama una kisukari mwambie daktari kwa sababu sukari inapanda siku kadhaa. Kuna watu sindano haishiki, na mara nyingine sababu ni maumbile tu, wana kiukuta ndani ya ile ala kinachotenganisha kano mbili, dawa inaingia chumba kimoja cha pili kinabaki hivyohivyo. Anayechoma kwa kuongozwa na mashine ya ultrasaundi anakiona, muulize kama ipo.

Ikishindikana kabisa baada ya miezi ndo tunafika kwenye upasuaji, wanakuchoma ganzi ya hapohapo wanafungua ile ala kano zipate nafasi, ni kazi fupi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hatari yake kubwa ni ule mshipa wa fahamu niliousema mwanzo kuguswa. Lakini wewe umefika nusu kwa wiki nne bila sindano, hujafika huko na huenda usifike.

mama_wa_kwanza

Mrejesho, maana najua kuna mama atasoma hapa usiku wa manane kama mimi nilivyokuwa natafuta. Nilichoma sindano, sasa zimepita wiki saba. Siku mbili za kwanza zilikuwa vilevile alivyosema tulia_mama, mume wangu aliomba ruhusa kazini siku moja, mama yangu mdogo akaja ya pili. Doa limeanza kuonekana, dogo, nimelikubali. Maziwa hayakupungua.

Mchana splinti nimeacha, nafanya lile zoezi alilonielekeza fizio hospitalini, naweka mkono mezani kigasha kimelala, kiganja kinaning'inia nje ya ukingo gumba likiangalia juu, nashika kichupa cha maji cha nusu lita, nakishusha polepole upande wa kidole cha mwisho afu nakirudisha juu kwa kusaidia na mkono wa pili. Kumi, napumzika, kumi tena. Mwanzo nilianza na kichupa kitupu.

Juzi mtoto aliangusha kisosi chake chini ya kiti, nikainama nikamchota yeye na kisosi mkono mmoja, nimeshafika jikoni ndo nakumbuka kwamba mkono ulikuwa wa kushoto.

Swali la mwisho, usiku bado naivaa splinti, niache? Na sasa ana kilo karibu tisa, anatambaa, naogopa isirudi.

fizio_wa_mikono

Nimefurahi mno. Acha ya usiku, ila iweke karibu na kitanda. Ukiamka siku mbili mfululizo mkono umekakamaa au pale penye kinundu pana uchungu ukibonyeza, ivae usiku tatu nne afu uache tena, usisubiri mpaka mkono uanze kuchoma.

Kutambaa kwake ni nafuu kwako. Shuka chini aje mwenyewe, akae mapajani mwako, mkumbatie kwa mikono yote miwili afu msimame wote. Akianza kusimama kwa kushika kiti mfundishe kupanda kwenye kochi na kushuka kwa kutanguliza miguu, watoto wanapenda, na kila anapopanda mwenyewe ni unyanyuo mmoja mkono wako haujafanya. Ule wa kwapani usiurudie hata ukijisikia umepona.

mama_wa_kwanza

Sawa dada, nimeandika. Na godoro tumeshalishusha.